Kinyozi Aliyesifu Mchicha

Mume wangu ni kinyozi, lakini mtaani wanamwita Malenga wa Sufuria. Jina hilo alipewa na wateja wake. Mtu akikaa kwenye kiti chake saa tano asubuhi, hainuki kabla hajasomewa beti mbili tatu za chakula. Chakula tu. Hajawahi kuandika mapenzi, wala siasa, wala kifo. Anaandika wali uliochambuka, samaki aliyekaangwa mpaka mkia unavunjika kama biskuti, chai ya tangawizi, ndizi iliyoiva hadi ganda likaingia madoa. Dereva mmoja wa lori alizoea kumwambia, "Kinyozi, wewe ninyoe nywele, tumbo langu liache. Nikitoka hapa kwako nalazimika kula mara mbili."

Nimekaa naye miaka ishirini na sita. Kupika hajui hata kidogo. Siku niliyokwenda kujifungua alijaribu kuchemsha mayai akasahau maji. Lakini kula anakujua. Alilelewa na mama wa kambo, katika nyumba ya watoto sita, naye alikuwa wa sita kupakuliwa. Aliniambia kwamba alikuwa akikaa nje ya jiko kwa siri na kutaja vyakula kimoja kimoja, taratibu, mpaka mate yamjae mdomoni, na kwamba hayo ndiyo mashairi yake ya kwanza. Aliponieleza hivyo nilikuwa bado mchumba. Nadhani ndiyo sababu nilimkubali. Nilijiambia, huyu nikimpikia, ataona.

Na kweli aliona. Ana utaratibu wake, na utaratibu huo ulinihusu mimi. Chakula ambacho hajakila haandiki. Akishakila, hanawi. Anauinua mkono wa kulia, bado una mchuzi, anausogeza karibu na pua, anafumba macho, na hapo maneno yanakuja. Kwa kuwa mkono wa kulia una mchuzi, kalamu hawezi kushika. Kwa hiyo anayeandika ni mimi. Niliishia darasa la tano, lakini mwandiko wangu unasomeka. Nakaa upande wa pili wa meza na daftari, yeye anasema, mimi naandika, anahesabu mizani kwa vidole vya mkono wa kushoto. "Nikishanawa," husema, "limekwenda na maji." Kisha nanakili kwenye karatasi safi, tunatuma redioni, na Jumamosi mchana, katika kipindi cha mashairi, mtangazaji anasoma. Ubeti huu ulisomwa mwaka tuliohamia nyumba hii, nao watu wengi waliushika:

Maharage ya mezani, yamevaa kitunguu,
harufu yaja puani, nasimama kwa miguu,
kijiko sikitamani, mkono ndio mkuu,
mke wangu wa nyumbani, upishi wake u juu.

Wanawake wa bombani walinitania mwezi mzima. "Upishi u juu, tupishe tuchote maji!" Nilijifanya naona haya. Ukweli ni kwamba nilipokuwa nachota maji nilikuwa nausema ubeti ule kimoyomoyo.

Tuna mtoto mmoja, binti. Mikono ya kupika aliipata kwangu, ubishi aliupata kwa baba yake. Alipokuwa na miaka tisa nilimwachia jikoni sufuria ya mchicha na kumwambia atie pilipili manga iliyosagwa. Makopo yangu hayakuwa na maandishi. Akatia mdalasini. Baba yake alionja kidogo akaisukuma sahani. "Hii ni dawa ya mafua," alisema. Mtoto mwingine angeomba radhi. Wa kwangu alisema, "Si mdalasini ulio mbaya, baba, ni wewe hujazoea." Na tangu siku ile, kila alipopika mchicha alitia mdalasini, makusudi, miaka na miaka, mpaka ikawa ndiyo njia yake. Mimi nilikula ili nisimvunje moyo. Baba yake hakugusa.

Miaka mitatu iliyopita binti yetu aliolewa na kinyozi wa kiti cha pili.

Dukani kwa mume wangu kulikuwa na viti viwili. Cha pili alikuwa amempa kinyozi mdogo wake kwa umri, mtu mpole, mwenye mkono mwepesi. Huyo ndiye aliyemchumbia binti yetu, na mwezi mmoja baada ya kumchumbia akaondoka, akafungua duka lake mitaa miwili mbele, lenye vioo pande zote, na nusu ya wateja wakamfuata. Mume wangu aliyachukua mambo hayo mawili akayafanya jambo moja. "Kaniibia vichwa, kaniibia na mtoto," alisema. Akaapa kwamba jina la binti yetu lisitajwe nyumbani, na mguu wake usikanyage pale. Akaniapiza na mimi. Niliapa. Nilidhani ni hasira ya wiki mbili.

Miezi ikapita. Binti akajifungua. Siku moja, saa kumi alasiri, nilisikia hodi, na hodi ya mtoto wako unaijua. Niliona upindo wa kanga chini ya mlango, nikasikia na kichanga kikikoroma. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti, hatua tatu kutoka mlangoni. Nilimtazama. Alitikisa kichwa. Hata pumzi aliivuta polepole, asisikike nje. Nikasogea mlangoni, nikaweka kiganja kwenye ubao, nikasema, "Rudi kwako, mwanangu."

"Mama?"

"Rudi kwako."

Alisimama kidogo, kisha nikasikia ndara zake zikiondoka. Nilimwambia mume wangu, "Umefurahi?" Akasema hajisikii vizuri, akaenda kulala.

Tangu siku hiyo sikuwa mtu wa kutulia. Nilijua nyumba ya binti yangu ilipo, na nilijua saa anazokwenda sokoni. Nilikuwa nikipita barabara ya pili nikijifanya natafuta chumvi, hali ndani nina chumvi ya miezi sita. Mara mbili nilimwona mjukuu wangu kwa mbali, mgongoni, kichwa kimelala upande. Nilirudi nyumbani nikachambua mchele. Ndivyo nilivyoishi. Nilikuwa nimekula kiapo, na mwenye kiapo alikuwa ndani, na nilimwonea huruma pia, maana nilidhani anaumia kama mimi.

Mwaka jana nikaanza kuona kitu kingine. Kila Jumatano mume wangu alifunga duka saa sita akasema anakwenda kunolewa mikasi. Jioni nikimpakulia, alikula matonge matatu akaacha.

"Vipi, baba? Chumvi imezidi?"

"Hapana, mama. Tumbo tu."

Tumbo! Mtu aliyewahi kula mabakuli manne ya supu akiwa na homa. Nilishikwa na hofu. Shangazi yangu alianza hivyo hivyo, akiacha chakula, na baada ya miezi minne tukamzika. Nikaanza kumpikia uji laini kila Jumatano jioni. Nilimpeleka zahanati, tabibu akambonyeza tumbo, akasema haoni kitu, nami nikazidi kuogopa kwa sababu hakuona kitu. Nilipunguza mafuta, nikaacha pilipili. Nilikuwa nikimsikiliza anavyopumua akiwa amelala mchana. Yeye alikunywa uji wangu, akasema, "Asante, mama, unanihangaikia sana." Alisema hivyo akinitazama usoni.

Jumamosi moja nilikuwa uani na jirani yangu, fundi cherehani, tunachambua maharage, redio iko dirishani. Mtangazaji akalitaja jina la mume wangu. Nilishangaa. Wiki mbili nzima sikuwa nimeandika shairi lolote. Niliona ni kwa sababu ya lile tumbo. Jirani akaongeza sauti.

Mchicha umelegea, u kijani sahanini,
taratibu yatokea, chembe ya mdalasini,
ulimi wachechemea, wauliza, hiki nini?
Mpishi nakuombea, umenipoza maini.

"Jirani!" fundi cherehani alinipiga paja. "Mdalasini kwenye mchicha! Na wewe umetuficha siku zote hizo! Leo utanifundisha, sitoki hapa."

"Nitakufundisha," nilisema.

Niliendelea kuchambua maharage. Mazuri niliyaweka kwenye takataka na takataka nikaziweka kwenye sufuria, mpaka jirani akanishika mkono akauliza kama ninaumwa.

Duniani ninamjua mtu mmoja anayetia mdalasini kwenye mchicha. Na mume wangu, ambaye anaweza kukunyima ukweli kwa mdomo mwaka mzima, shairi la chakula ambacho hajakila haandiki. Ameshindwa kujizuia. Kingine chochote angeweza kukisifu nisijue: wali, kuku, maharage. Yeye akasifu kitu ambacho kina saini ya mtoto wangu, akakituma redioni, akijua nasikiliza kila Jumamosi. Sidhani alitaka kunieleza. Nadhani shairi lilikuwa zuri na hakuweza kuliacha. Alikosa kufikiri kwamba mimi pia ninajua chakula.

Na lililonichoma si mchicha. Mtu huyu hanawi kabla shairi halijaandikwa. Kwa hiyo alipokuwa ameinua mkono wenye mchuzi, kuna mtu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, ameshika kalamu.

Sikumuuliza. Jioni alikuja, akaniuliza kama redio ilikuwa inashika vizuri. Nikasema ilikuwa inakwaruza. Nikaona mabega yake yanashuka.

Jumatano saa sita alisema anakwenda kunolewa mikasi. Nilimpa muda wa kufika, kuvua viatu na kupakuliwa. Kisha nikajifunga kanga nikatoka. Njia ile nilikuwa nimeipita mara nyingi, lakini upande wa pili wa barabara. Nilivuka kama mtu anayekwenda kuchungulia maiti. Mlangoni viatu vyake vilikuwepo, vile nilivyovipiga rangi asubuhi kwa mkono wangu, vimewekwa sawasawa, visigino vimegusa ukuta. Viatu vya mgeni haviwekwi hivyo. Mgeni huvivua popote.

"Hodi."

"Karibu," binti yangu alijibu kutoka ndani, kabla hajajua ni nani. Nikaingia.

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Meza, viti vitatu, pazia la maua. Mume wangu alikuwa amekaa, mkono wa kulia umeinuliwa karibu na pua. Mbele yake binti yangu, daftari wazi, kalamu mkononi. Amenenepa kidogo, amesuka. Mtoto alikuwa sakafuni anagonga kifuniko cha sufuria.

Mtoto akaendelea kugonga.

"Shikamoo, mama," binti alisema hatimaye. Hakuinuka.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama," mume wangu akasema, mkono bado juu, "kaa kwanza. Kaa, nitakueleza."

"Nawa kwanza," nilimwambia. "Lisije likakukaukia."

Hakunawa. Aliushusha mkono juu ya meza, ukaacha alama ya mchuzi kwenye kitambaa.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Mwaka na miezi miwili," alijibu binti, si yeye. Alikuwa ananitazama kama mtu anavyomtazama tabibu, anajaribu kusoma jibu kabla halijasemwa. "Mama, kwa nini umekuja leo? Umebadili nia?"

"Nia gani?"

"Ya kutonitaka."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anaitazama alama ya mchuzi.

"Nani amekuambia sikutaki?"

"Baba." Sauti yake ilianza kupungua, kama mtu anayehesabu na kuona hesabu haikubali. "Kila Jumatano namuuliza, mama hajambo? Naweza kuja? Anasema, mpe muda, mama yako ana moyo mgumu. Nilimpa kitenge akuletee. Alisema umekirudisha."

"Sijaona kitenge."

"Kipo dukani," mume wangu alisema polepole. "Kwenye droo ya taulo."

"Baba!"

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema. Niliapa mbele yake. Nilimwapiza. Nimfuate sasa nimwambie mimi mwenyewe nimevunja? Ningeuweka wapi uso wangu? Kila wiki nilisema, wiki ijayo. Nilikosa maneno."

"Wewe?" nilisema. "Wewe ukose maneno? Mchicha umepata maneno."

Nilitaka kupiga kelele, lakini mtoto alikuwa ameacha kugonga na ananitazama. Nikakumbuka uji. Mabakuli ya uji ya mwaka mzima, yale niliyokuwa nayapoza kwa kupuliza, na huyu bwana amekaa mbele yangu ameshiba, anakunywa kidogo kidogo kama mgonjwa. Nilipofikiria hilo nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na binti yangu akaogopa.

"Siku ile ya hodi," nilimwambia binti, "baba yako alikuwa amekaa kwenye kiti. Yeye ndiye aliyekataa. Nilikuwa nasema maneno yake."

Akafunga daftari.

"Hilo sikulijua. Nashukuru kwa kuniambia." Akaweka kalamu juu yake. "Lakini sauti ilikuwa yako, mama. Nilikuwa na mtoto wa siku arobaini na mbili. Baba amenidanganya, nimeona. Ila siku ile aliyesema nirudi kwangu ni wewe."

Jibu lake nimelitafuta mpaka leo sijalipata. Mtu anaweza kusalitiwa na papo hapo akawa ameshika kisu upande wake.

Mume wangu, na hapa ndipo nilipomjua, akainua uso kutoka kwenye ile alama ya mchuzi. "Nitaandika," alisema. "Nitaandika shairi la kuwaomba radhi nyote wawili. Litasomwa redioni, mtaa mzima usikie kosa ni langu."

"Baba, usiandike," binti alisema. "Tafadhali. Usiandike kitu."

"Lakini..."

"Nenda kanawe."

Alikwenda kunawa. Tulisikia maji yakimwagika uani, mengi kuliko yanayohitajika kwa mkono mmoja. Mjukuu wangu alisogea mpaka kwenye ukingo wa kanga yangu, akaushika, akauachia.

"Huyu nani?" alimuuliza mama yake.

"Huyu ni bibi."

"Bibi wa nani?"

Binti yangu alipangusa meza kwanza. "Wako," alisema.

Tulipokuwa tunaondoka alitusimamisha mlangoni. Alisema hawezi kutupokea pamoja, si sasa, kwa sababu akituona wote wawili hajui amkasirikie nani kwanza. Baba yake apumzike kuja mpaka atakapomwita. Mimi nije Jumatatu, kama nataka, mume wake akiwa kazini. "Sijui nitakuambia nini," alisema. "Lakini njoo."

Njiani mume wangu alitangulia, mimi nikafuata nyuma. Siku iliyofuata alileta kitenge, kimekunjwa, kina harufu ya sabuni ya kunyolea, akakiweka juu ya meza. Ni cha rangi ya kijani. Nilikishona, nikakivaa Jumatatu ya kwanza. Binti yangu alikiona, akaninyooshea kola, akarudi jikoni.

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Nakwenda kila Jumatatu. Siku nyingine tunaongea, siku nyingine tunamenya viazi tu. Bado ananiita mama kwa sauti ya mtu anayeangalia hatua. Mjukuu amenizoea, lakini akichoka anamuulizia babu. Babu huyo bado hajaitwa.

Nyumbani napika kama kawaida. Anakula anamaliza, tumbo limepona. Mara ya kwanza alipoinua mkono kwenda puani nikaendelea kuosha vyombo. Alisema ubeti wa kwanza kwa sauti, akaurudia, akangoja. Daftari lilikuwa mezani, limefungwa. Nikasugua sufuria. Baadaye akashusha mkono akanawa. Redioni hajasikika tangu wakati huo, na wateja wanamuuliza kama amepata ugonjwa.

Jumatatu jioni ndiyo siku yake ngumu. Anarudi mapema. Ananikuta navua kanga, anazunguka zunguka, anafungua kabati bila kutafuta kitu, mwisho anauliza, kama jambo dogo tu.

"Amepika nini leo?"

"Chakula."

"Chakula gani, mama?"

"Chakula tu, baba. Tumekula."

Anangoja niongeze neno. Najua kilichokuwa sufuriani, najua kilitiwa nini na kwa kiasi gani, na ningeweza kumweleza mpaka akakisikia mdomoni, mwanamume yule aliyekuwa wa sita kupakuliwa. Najua pia kwamba kumnyima habari za mtoto wake ndiko alikonifanyia mimi. Nalijua hilo, na kila Jumatatu namjibu vilevile.